Ripoti Pekee Hazitoshi: Aina za Uandishi na Deni la Wasomi wa Kaskazini Mashariki



Hoja yangu leo ni moja. Eneo hili la Kaskazini Mashariki mwa Kenya limeandikiwa ripoti nyingi, na aina nyingine za maandishi ya kitaaluma tumeziacha zikidumaa. Kila aina ina kazi yake, na kazi ya moja haitimizwi na nyingine.

Ripoti huagizwa. Ina mfadhili, ina tarehe ya kuwasilishwa, na hufungwa kwa mapendekezo. Mwaka 1962 tume iliwauliza wakazi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha eneo hili, wanataka mustakabali gani. Iliandika bayana kwamba wengi walitaka kujiunga na Somalia. Uamuzi ukawa kinyume, na vita vikafuata kuanzia 1963 hadi 1967. Mwaka 1965 waraka wa serikali nambari 10 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye rutuba, mvua na barabara, na nchi ya wafugaji ikaachwa nyuma. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, ripoti za ukame na za wakimbizi hazijakatika. Sizibezi, kwani zipo zilizoleta maji na dawa. Ila zinasomwa mbali na hapa, na mama aliyehojiwa haoni kilichoandikwa kwa jina lake.

Tasnifu ni kitu kingine. Mwandishi wake huuliza swali lake mwenyewe, huonyesha ushahidi na jinsi alivyoupata, kisha husimama mbele ya wanaoweza kumpinga. Chukueni mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Serikali ilitaja wafu 57. Walionusurika wanashikilia kwamba idadi hiyo haikaribii ukweli. S. Abdi Sheikh alichapisha kitabu kuhusu mauaji hayo mwaka 2007, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikamfikia Rais Mei 2013. Tamko la serikali, kitabu, ripoti ya tume: yote yanahusu uwanja mmoja wa ndege, lakini hayasemi mamoja. Kuyapima kwa mizani ya haki, na kuwasikiliza wajane wangali hai, ni kazi ya tasnifu, na tasnifu hizo zinapaswa kutoka katika chuo hiki cha Garissa.

Kisha kuna wasifu na tawasifu. Kiswahili hakina haya mbele ya aina hizi. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza desturi za watu wake katika kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Shaaban Robert aliandika maisha yake, tena akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa katika unyonge akawa sauti ya Zanzibar. Basi ni nani ataandika wasifu wa dalali wa soko la mifugo la Garissa, wa mwalimu wa duksi (madrasa ya Kurani) aliyefundisha vizazi vitatu, wa mkunga wa Mandera?

Hapa nyumbani deni ni zito zaidi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo hiki, wengi wao wanafunzi. Magazeti yalitoa hesabu. Hesabu haimwambii msomaji kijana yule alitaka kuwa nani, wala nyumbani kwao walimwita jina gani. Hilo ni jukumu la wasifu, na wazazi wao wangali wanaweza kusimulia.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Idara zetu ziwaruhusu wanafunzi wahoji kwa Kisomali, Kiborana au Kipokomo na waandike kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba ya 2010 imeifanya ya taifa na ya rasmi. Kila mtafiti, mwenyeji au mgeni, arudishe nakala kwa waliomsaidia na aisome mbele yao. Na maktaba yetu itenge chumba cha kuhifadhi rekodi za sauti za wazee.

Wanafunzi, msisubiri kuagizwa. Chagueni swali, tafuteni wazee wenu, andikeni. Tusipoandika sisi, tutaendelea kusomwa kama orodha ya maafa.