Swali Litokalo Shambani: Stadi za Taarifa katika Maktaba ya Shule ya Msingi

 

Naomba nianzie shambani. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulithibitishwa hapa mkoani Kagera, kwa mara ya kwanza Tanzania. Uganda ulikuwa umeonekana mwaka 2001, na Ethiopia wataalamu walikuwa wameuandika tangu miaka ya 1960. Dalili zake sina haja ya kuwasimulia watu wa Karagwe: majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na ukikata shina unatoka utomvu wa manjano kama usaha. Panga lililokata mgomba mgonjwa likigusa mzima, ugonjwa umekwisha kuhama. Wadudu nao huubeba kutoka ua dume hadi ua dume, ndiyo maana wakulima walifundishwa kulivunja ua hilo kwa mti wenye panda, si kwa panga.

Sasa nisikilizeni hapa. Maelekezo ya mwanzo yalisema mgomba mmoja ukiugua, ng'oa wote: mama, mtoto na mjukuu. Ni kazi nzito, na kwa mjane mwenye kishamba kidogo ni sawa na kumwambia afunge jiko. Baadaye utafiti, hasa uliofanyika mashariki mwa Kongo, ulionesha njia nyingine: kata usawa wa ardhi ule mmoja tu ulioonesha dalili, safisha panga kwa moto au kwa dawa ya klorini, rudia kila unapoona mwingine. Ukishikilia utaratibu huo bila kuchoka, ugonjwa unapungua na shamba linaendelea kuzaa.

Tuseme maelekezo yote mawili, ya zamani na ya sasa, yamo katika kabati la shule. Baba anamwambia mwanawe, "Hebu kaangalie huko shuleni wanasemaje juu ya hii migomba." Mtoto anachukua karatasi ya juu, anakuja nayo mbio, anaisoma vizuri kabisa, kwa sauti, bila kukwama hata neno moja. Baba anashika jembe. Jioni hiyo wanang'oa migomba ambayo isingelazimu kung'olewa. Karatasi haikudanganya, na ilipoandikwa ilikuwa sahihi. Mtoto alijua kusoma. Hakujua kutazama mwaka.

Stadi za taarifa ni hizo: kujua unachokitafuta, kujua pa kukitafutia, kukipima ulichokipata, na kukitumia. Jina lenyewe lilianza kutumika Marekani mwaka 1974, na aliyelitoa ni Paul Zurkowski, akiwafikiria zaidi wafanyakazi wa viwandani na maofisini. Mwaka huohuo wa 1974, Mwanza, lilianza gazeti la vijijini lililoitwa *Elimu Haina Mwisho*, kwa ajili ya watu wazima wa mikoa ya Ziwa waliokuwa wametoka tu kujifunza kusoma, wa kwetu wakiwemo, enzi hizo mkoa ukiitwa Ziwa Magharibi. Vijijini nako zilifunguliwa maktaba ndogondogo. Waliofanya kazi ile walielewa kwamba mtu akijua kusoma halafu akakosa cha kusoma na sababu ya kusoma, ujuzi wake unakauka. Mimi naona tulikwisha kuanza jambo hili wenyewe, tena kwa watu wazima. Sasa tulipeleke kwa watoto.

Nimeingia katika maktaba nyingi za shule. Moja sitaisahau, na sitaitaja. Kabati zuri la mbao, limefungwa kufuli. Mwalimu aliniambia kwa uaminifu kabisa kwamba vitabu wanavitunza visiharibike. Nilipofunguliwa, kurasa za vitabu kadhaa zilikuwa bado zimeshikana kwenye kingo, tangu vilipotoka kiwandani hakuna kidole kilichopita. Simlaumu mwalimu yule. Kitabu kikipotea anaulizwa yeye, ila kikikaa miaka kumi bila kusomwa hakuna anayemuuliza. Kwa hiyo jambo la kwanza si fedha wala kompyuta. Mwalimu mkuu na kamati ya shule waandike, na wasaini, kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa si hasara.

La pili ni ratiba. Kipindi kimoja kwa wiki, kuanzia darasa la tatu, mtoto akiwa amekwisha kushika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kipindi chenye jina na mwalimu wake. "Muda wa ziada" hautoshi, kwa sababu muda wa ziada huliwa na mitihani. Mwalimu huyo akipata nafasi ya kusoma ukutubi kule Bagamoyo, vizuri sana. Asipopata, aanze na alichonacho. Msihangaike na namba za kupangia vitabu. Katika mfumo wa Dewey, unaotumiwa na maktaba nyingi duniani, ndizi zimepewa namba yake, 634.772, lakini kwa shule yenye vitabu mia mbili karatasi ya kijani iliyogundishwa mgongoni inatosha kusema "kilimo".

Katika kipindi hicho mtafundisha nini? Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu vitabu vya kigeni vinavyoeleza jinsi ya kufundisha stadi hizi havitatusaidia. Vinasema mfundishe mtoto mpangilio wa alfabeti, kisha atapata neno lolote kwenye kamusi. Kwa lugha zao ni kweli. Kwa Kiswahili, mtoto amekutana na neno "nyuzi". Anakwenda kwenye N, anatafuta, hapati alichotaka. Neno lenyewe liko kwenye U: uzi. "Meno" liko kwenye J. "Walipong'oa" halipo kwenye W. Lazima avue wa-, avue -li-, avue -po-, abaki na "ng'oa". Nimekaa na binti wa darasa la nne, *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* mbele yetu, akitafuta "mikungu". Alipitisha kidole ukurasa mzima wa "mi", akarudi juu, akapita tena. Nikamuuliza, "Ikiwa mmoja tu, tunasemaje?" Akanyamaza. Halafu akafungua kurasa zinazofuata, akafika "mk", na kidole kikasimama. Hakusema kitu, alinitazama tu. Sarufi aliyokuwa akiikariri ubaoni, ngeli na umoja na wingi, siku ile iligeuka ufunguo. Faharasa ya kitabu inafanya kazi vilevile, na mtoto wa Kinyambo ana bahati: nyumbani anasema omuntu na abantu, kwa hiyo kugeuza mwanzo wa neno si jambo geni kwake. Mwalimu amwoneshe tu kwamba ni jambo lilelile.

Baada ya kutafuta, kupima. Kwa madarasa ya juu ninao mfano wa hapahapa. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Bweranyange kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Mwaka 1863 Speke akachapisha kitabu. Ndani yake anamsifu mwenyeji wake, anaandika mengi juu ya unene wa wanawake wa ikulu, na anakisia kwamba watawala wa huku wana asili ya Ethiopia. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1975, mwanahistoria wetu Israel Katoke alichapisha Nairobi historia ya ufalme wa Karagwe, akiijenga pia kwa masimulizi ya wazee. Wekeni maelezo ya vitabu hivi viwili mbele ya darasa la sita, kwa Kiswahili chepesi. Waulizeni: huyu alikaa muda gani? Alizungumza lugha gani na wenyeji? Alimuuliza nani, na nani hakuulizwa? Alikuwa akiwaandikia akina nani? Mtoto akijibu maswali hayo juu ya Speke, kesho ataweza kuyauliza juu ya ujumbe uliotumwa kwenye simu ya mama yake. Mnakumbuka Machi 2023, homa ya Marburg ilipoingia Bukoba Vijijini, na Januari 2025 ilipotokea Biharamulo, simu zilivyojaa dawa za kila aina.

Najua mzazi mmoja hapa anawaza: mtoto wa kumuuliza mtu mzima "umejuaje?" ni mtoto asiye na adabu. Hofu hiyo naiheshimu, nami nimelelewa hukuhuku. Lakini lipo la kufundisha. "Bibi, na wewe hii ulisimuliwa na nani?" ni swali la adabu kamili, na sijaona bibi aliyelichukia. Mara nyingi anavuta mkeka, anaanza mbali.

Ndiyo maana napendekeza kila shule iwe na daftari kubwa, mali ya maktaba, lenye safu nne: swali, jibu, nani amesema, lini. Watoto walete maswali ya nyumbani kwao, ya kahawa, ya maji, ya migomba. Wajibu kwa kitabu, kwa redio, kwa bwana shamba, kwa wazee, na kila jibu liwe na mwenyewe na tarehe. Aina za ndizi tulizonazo, enshakala, entobe, nshansha, wazee wanazijua kuliko kitabu chochote mtakachonunua, na elimu hiyo haina kabati.

Daftari moja nimekuja nalo, ninalikabidhi kwa walimu leo. Swali la kwanza nimeliandika mwenyewe: ni ndizi gani iliyokuwa ikipikwa hapa Kituntu zamani na sasa haionekani tena? Safu tatu nyingine ziko wazi. Wazee mliokaa kule nyuma, hawa wanafunzi wa darasa la tano waliokaa mbele watawafuata nyumbani.