Fedha ya Altareni
Kanisa la Bizanti la karne ya 6 lilipopewa kalisi ya fedha lilipata mambo mawili kwa mkupuo: chombo cha ibada na akiba. Ndiyo maana vyombo vingi viligongwa mihuri ya serikali, mara nyingi mitano kwa chombo kimoja, tangu enzi za kaisari Anastasius I (491–518) hadi karne ya 7. Sadaka ilipimwa kwa ratili. Mwanahistoria Procopius anaandika kwamba fedha ya patakatifu pa Hagia Sophia, Konstantinopoli, ilifika ratili 40,000.

Hiyo ilikuwa fahari ya mji mkuu. Ajabu kubwa zaidi imo kijijini. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilifukuliwa kaskazini mwa Syria hazina ambayo wafanyabiashara waliigawa na kuiuza kwa majina mbalimbali. Mwaka 1986 mtaalamu Marlia Mundell Mango alitoa hoja kwamba vyombo zaidi ya 50 vilivyotawanyika vilikuwa vya kanisa moja, la Mtakatifu Sergius, katika kijiji cha Kaper Koraon.

Kimojawapo ni sahani ya mkate iitwayo patena ya Riha, iliyopo Dumbarton Oaks, Washington. Kristo amechongwa mara mbili nyuma ya altare: huku akiwapa mitume mkate, huku akiwapa divai. Ukingoni, maandishi ya Kigiriki yanawaombea marehemu Sergia na Theodosius, pamoja na Megas na jamaa zake. Kila padri alipoweka mkate, majina hayo yaliuzunguka. Mtoaji hakuhitaji kutajwa kwa mdomo. Upepeo wa fedha ulioandamana nayo una kiumbe wa mbinguni mwenye mabawa yaliyojaa macho, ingawa kazi ya chombo hicho ilianza kwa kufukuza nzi wasiingie kikombeni.

Sheria ya kaisari Justinian ilikataza kuuza vyombo hivyo, isipokuwa kwa kukomboa mateka. Lakini wakati wa vita sheria hiyo haikutosha: mwaka 622 kaisari Heraclius alichukua fedha ya makanisa akaifua kuwa sarafu za kugharamia vita dhidi ya Waajemi. Mahali pengine vyombo vilizikwa. Huko Kumluca, kusini mwa Uturuki, hazina ya Sion, yenye vyombo vingi vilivyotolewa na askofu Eutychianos, ilikaa ardhini hadi 1963. Leo imegawanyika kati ya makumbusho ya Antalya na Dumbarton Oaks.