Jirani Ndiye Shahidi Wako

(Niliyasema haya kwenye kikao cha vijana wa kata Jumamosi iliyopita. Wengi mmeomba maandishi, haya hapa.)



Niliambiwa niongelee haki ya makazi, nikaandaa vifungu kurasa sita. Zimebaki kwenye pochi. Ngoja nianze na mama yangu mdogo, vifungu vitakuja vyenyewe.

Mwaka 2017 nyumba yake ya Kimara ilipigwa X nyekundu. Mnaikumbuka ile bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro: mita 121.5 kila upande, kupisha upanuzi. Waliambiwa wako ndani ya hifadhi ya barabara, hivyo fidia hakuna. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, nikaenda kusaidia kubeba vyombo.

Usiku ule hakuna aliyelala nje. Watoto wawili walichukuliwa na mama anayeuza vitumbua. Kabati likaenda kwa fundi seremala. Mama mdogo na mumewe walipewa kibaraza na balozi wa nyumba kumi, mtu wa kijani kabisa, kofia na fulana! (Mnacheka, lakini ndiye aliyewafungulia mlango.) Kikoba chao kikasimamisha marejesho ya mkopo wake miezi mitatu. Hakuna aliyeandika barua ya maombi. Walikuwa wanajuana miaka kumi na kitu, wamezikana, wamechezeana ngoma.

Halafu wakatawanyika. Mmoja Chanika, mwingine Kibaha, mwingine akarudi kijijini. Kikoba kikafa, maana huwezi kupanda daladala tatu kila Jumapili kwenda kuweka hisa ya elfu mbili. Tingatinga halikukiua kikoba kile, nauli ndiyo ilikiua. Waliohamishwa bonde la Msimbazi baada ya mafuriko ya Desemba 2011 na kupelekwa Mabwepande walikutana na kitu kilekile. Kiwanja walipewa, ila wateja, shule na jirani wa kumwachia mtoto vilibaki mjini.

Sasa sheria. Ibara ya 24 ya Katiba yetu inalinda mali na inataka fidia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Lakini lazima uonyeshe kwamba kitu ni chako. Wengi wetu hatuna hati. Tuna karatasi ya mauziano, imeandikwa kwa mkono, imesainiwa mbele ya mjumbe na majirani wawili. Karatasi ikipotelea kwenye kifusi, ushahidi uliobaki ni watu. Na watu ndio hao wameshatawanyika. Mama mdogo alimtafuta shahidi wake mmoja karibu mwaka mzima.

Ukitaka kuishtaki Serikali, kwanza unatoa notisi ya siku 90. Hesabu mwenyewe: siku tisini familia haina paa, nani atabaki mtaani akisubiri? Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu wachache kufungua kesi kwa niaba ya wenzao wenye madai yaleyale, kwa kibali cha mahakama. Sasa utawawakilishaje watu ambao hujui walipo?

Tazameni wenzetu wa Kenya. Kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilibomolewa Novemba 2011. Waliokwenda mahakamani ni chama cha wakazi wenyewe, Mitu-Bell. Wakafika hadi Mahakama ya Juu, na Januari 2021 ikatamka kwamba watu walioishi muda mrefu kwenye ardhi ya umma na kuweka makazi pale wanaweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa, hata bila hati. Kenya wana Ibara ya 43 inayotaja makazi waziwazi. Yetu ya 1977 haiitaji, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kudai Katiba mpya. Lakini miaka tisa na ushee wasingeivuka kama wasingeendelea kushikana.

Ujirani usiwe kisingizio cha Serikali kukaa pembeni. Kibaraza cha balozi si nyumba. Mama wa vitumbua alilisha watoto wa watu kwa mtaji wake, na hakuna aliyemrudishia.

Ninachoomba ni kidogo. Kila tawi liwe na daftari: nani anaishi wapi, nani alishuhudia mauziano ya nani, namba ya simu ya ndugu aliye nje ya mtaa. Pigeni picha karatasi za wazee wetu, kila mmoja abaki na nakala yake. Kama kuna umoja wa wakazi, usajiliwe kabla ya X, sio baada. Na kadi ya chama msiulize, tafadhali. Tungeuliza kadi, yule balozi angekuwa nje ya daftari, na ndiye aliyesaini mauziano ya mama mdogo.

Daftari la kwanza lipo pale kwa katibu. Mtaa wa bondeni tunaanza Jumamosi saa tatu asubuhi, nahitaji watu wanne wenye simu zinazopiga picha vizuri.