Mpira wa Polepole na Deni la Mwanafunzi

Hotuba iliyosomwa katika sherehe za kumbukumbu ya hekalu letu, Sumbawanga



Tumeombwa tuseme machache juu ya kriketi, mchezo ambao vijana wetu huucheza jioni pamoja na wenzao wa mtaani. Tumechagua kumzungumzia mrushaji wa mpira wa mzunguko. Huyu hategemei kasi. Huuzungusha mpira kwa vidole au kwa kifundo cha mkono, ili ukishagonga ardhi ugeuke upande ambao mpigaji hakuutarajia. Silaha zake ni subira na shabaha.

Afrika Mashariki imepata kumlea mrushaji wa namna hiyo, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa. Aliiongoza Kenya katika Kombe la Dunia la 1999 nchini Uingereza, kisha akastaafu na kurudi kwenye biashara zake. Mwaka 2003 taifa lilimwita tena, naye ana umri wa miaka 39. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, bingwa wa dunia ambaye hakuwa amefungwa na yeyote katika mashindano yale. Kenya ilipata mikimbio 174 tu, na Australia ikaanza kuifukuzia kwa kishindo. Ndipo Karim alipokabidhiwa mpira. Alirusha ova 8 na mipira 2, na katika ova 6 kati ya hizo wapigaji hawakupata hata mkimbio mmoja. Kwa jumla aliruhusu mikimbio 7, akawaondoa wapigaji 3, akiwemo nahodha wao Ricky Ponting. Australia ilishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa Karim. Siku 5 baadaye Kenya ilicheza nusu fainali dhidi ya India, na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho ya kimataifa.

Hata hivyo, sifa ya mtu mmoja haitoshi kuuhifadhi mchezo. Mashujaa wa 2003 walizeeka bila kupata warithi wa kutosha, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Jirani yake Uganda ilikuwa imeutia mchezo huu mashuleni, na matunda yake tumeyaona. Tarehe 5 Juni 2024, nchini Guyana, Uganda ilipata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia la ova 20, dhidi ya Papua New Guinea. Siku hiyo Frank Nsubuga, naye mrushaji wa mpira wa mzunguko, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova 4, akaruhusu mikimbio 4 tu na kuwaondoa wapigaji 2.

Ujuzi wa namna hii husafiri kutoka mkono hadi mkono. Steve Tikolo, nahodha wa Karim siku ile ya Durban, baadaye alizifundisha timu za taifa za Uganda na Tanzania. Nasi Watanzania tumefurahi kuona vijana wetu wa chini ya miaka 19 wakifuzu Kombe la Dunia la 2026, kwa mara ya kwanza.

Ndugu zetu, jambo hili linatugusa hapa Sumbawanga. Familia zetu zimepungua. Watoto huenda Mbeya, Dar es Salaam na ng'ambo kusoma, na wengine hawarudi. Kriketi ikibaki uani mwa hekalu peke yake, itaondoka pamoja nao. Mapokeo yetu yanafundisha kwamba aliyepokea elimu kwa guru ana deni. Deni hilo tunaweza kulilipa kwa kumfundisha mtoto wa jirani.

Kwa hiyo tunawaomba wote waujuao mchezo huu watoe saa moja kila Jumamosi, waende katika shule zilizo karibu nasi. Wachukue magongo na mipira tuliyoihifadhi, na wamfundishe kila mtoto, wa kike na wa kiume, bila kuuliza anasali wapi.

Majirani zetu Wafipa wanaijua subira ya kazi hii. Mkulima hufukia nyasi chini ya udongo, akajenga tuta la duara, akaziacha zioze. Rutuba yake huonekana msimu unaofuata. Mwalimu wa mpira wa polepole hulima vivyo hivyo. Huenda sisi tulio wazee tusiyaone mavuno. Na tulime hata hivyo, maana shamba ni la watoto wetu wote.