Nafasi ya Punje na Mfuko wa Mkulima: Maneno kwa Wana-Bashay kwenye Mkutano Mkuu



Kamati imeniomba nizungumzie kitunguu saumu. Wengi humu ukumbini tumesomeshwa na zao hilo, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja kwenye jambo linalogusa mapato yetu: nafasi ya kupanda.

Chukua tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Ukipanda sentimita 10 kwa 10, linaingia punje 1,000. Ukiweka sentimita 20 kati ya mistari na 10 kati ya punje, zinaingia 500. Punje ikiwa na gramu 3, tuta la kwanza limekula kilo 3 za mbegu, la pili kilo moja na nusu. Na mbegu ya saumu ni saumu yenyewe: kila kilo unayofukia ungeweza kuiuza.

Ukibananisha, mimea hugombania maji, mbolea na mwanga. Uzito wa tuta zima unaweza kuongezeka, lakini vitunguu huwa vidogo, na mnunuzi huchagua ukubwa. Majani yaliyosongamana nayo hukawia kukauka umande, ukungu ukapata makao. Ukiachanisha mno, vitunguu hunenepa, lakini ni vichache, na magugu hujaza nafasi, palizi inaongezeka.

Sentimita 15 kwa 10, yaani punje kama 670 kwa tuta lile, ni mahali pazuri pa kuanzia. Chagua punje kubwa kwa mbegu. Ila udongo na maji ya kila shamba vina neno lao, na faida huonekana baada ya kutoa gharama ya mbegu.

Ndiyo maana mchango wa mwaka huu tunaomba uende kwenye shamba darasa: matuta matatu, nafasi tatu, mbegu, samadi na maji yaleyale. Siku ya kuvuna tutachambua, tutapima na kupiga hesabu mbele ya wote. Tunahitaji mbegu, mizani, na mwenye kipande karibu na maji atuazime.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mwenye shilingi alete, mwenye samadi alete.