CHOMBO CHA KAZINI KIWE CHEPESI KAMA CHA NYUMBANI

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi



Tumepewa nafasi tuseme juu ya vyombo vya kuonea na kusikilizia vilivyoletwa makazini: skrini kubwa za ukutani, kamera, spika na vipaza sauti. Labda ndugu mmoja atauliza, "Haya yakihusu nini chama? Chama ni mambo ya mishahara na saa za kazi." Twajibu kwamba yakihusu sana, maana tangu ugonjwa wa korona wa mwaka 2020, mambo ya mishahara na saa za kazi mara nyingi hupitia humo humo. Mafunzo ya usalama nayo hupitia humo. Asiyesikia hahesabiwi.

Kwanza tutazame nyumbani. Mama mzee ambaye hakukanyaga shule humwona mjukuu wake aliye mbali katika simu, wakacheka pamoja. Mtoto mdogo huwasha televisheni mwenyewe. Hakuna aliyewapeleka chuoni. Sababu ni tatu. Chombo cha nyumbani kina mahali pamoja pa kuwashia. Ukikigusa, hukujibu mara moja, ukajua kimekubali au kimekataa. Na ukikosea hakuna wa kukucheka wala wa kukuandikia barua ya onyo, kwa hiyo hujaribu tena mpaka ujue.

Sasa tuje kazini. Watu ni wale wale, lakini mbele ya skrini ya ofisi husimama kama wageni. Rimoti ziko tatu, waya haujulikani waingia wapi, maagizo yamebandikwa kwa Kiingereza kigumu, na karani anayejua yuko likizo. Robo saa yapotea, kisha husemwa kwamba wafanya kazi hawana elimu ya vyombo vya kisasa. Ndugu, mtu huyo huyo jana usiku alizungumza na nduguye kwa picha bila taabu. Basi ukosefu wa elimu uko wapi?

Hasara si ya dakika tu. Katika mahali pamoja ambapo wenzetu wa reli hufanya kazi, uliitishwa mkutano kwa njia ya skrini juu ya kubadili zamu. Wakubwa walikaa makao makuu karibu na kipaza sauti. Wenzetu wa stesheni za mbali walisikia maneno yakikatika-katika, na kila walipojaribu kujibu sauti yao haikufika. Mwisho iliandikwa kwamba hakuna aliyepinga. Kimya cha chombo kikafanywa kuwa kukubali kwa watu, na zamu zikabadilishwa. Ndiyo maana twasema jambo hili ni la chama.

Hebu tukumbuke historia kidogo. Katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, redio zilizouzwa zamani zilikuwa za watu wenye fedha na umeme. Bwana mmoja wa idara ya habari, Harry Franklin, alitafuta kiwanda kitakachounda redio ya nyumba ya mtu wa kawaida, na kampuni ya Ever Ready ikakubali. Mwaka 1949 ikauzwa redio ya mviringo, ya rangi ya buluu, yenye kutumia betri kavu, kwa bei ya pauni 5 bila betri. Watu waliiita ya sufuria, kwa kuwa ya kwanza ilifungwa ndani ya umbo la sufuria. Ilinunuliwa kwa maelfu. Serikali ile ya kikoloni ilikuwa na nia zake, nasi hatuisifu. Lakini somo liko wazi: watu hawakubadilika, kilichobadilika ni chombo. Mwenye kuunda alipofikiri juu ya nyumba itakayokitumia, shida ilipungua.

Hata hivyo tusidanganyike tukadhani kwamba yatosha kuchukua cha nyumbani na kukitundika kazini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, tarehe 23 Juni 1940, BBC ilianza kupiga muziki kwa ajili ya wafanya kazi wa viwanda vya Uingereza, nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, ukatoka katika vipaza sauti vya viwandani. Kipindi hicho kilidumu mpaka 1967. Waliokiongoza walijifunza kwamba nyimbo zinazopendeza sebuleni huenda zisifae penye mashine. Yalitakiwa mapigo yenye sauti ya wazi, yasimezwe na kelele. Na wimbo mmoja, Deep in the Heart of Texas, ulikatazwa kipindini, maana wenye kuusikia walivutwa kupiga makofi, na mikono ikaacha kazi.

Kwa hiyo raha ya kazini lazima ipimwe kwa kazi yenyewe. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2005 zaweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8. Penye kelele za karibu na hapo, au mtu akiwa ameziba masikio kwa kinga, tangazo la spika ni bure. Hapo pafaa taa na maandishi makubwa ya Kiswahili. Na pale mtu anapotazama ishara au gari linaloondoka, skrini isimvute macho.

Tena nyumbani kuna mlango, nawe waufunga upendapo. Kamera ya kazini ni nani huifunga? Chombo kinachosikiliza bila mtu kujua hakiwezi kuwa cha raha, hata kikiwa chepesi namna gani. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na sura ya mfanya kazi na sauti yake ni katika mambo yanayolindwa. Tuijue sheria hiyo.

Ndugu, haya ndiyo twayaomba tawi liyapeleke kwa waajiri:

1. Chombo kijaribiwe kabla ya kulipiwa, na wajaribu wawe fundi, mlinzi, mfagiaji na karani, bila kuelekezwa. Wakishindwa, kirudishwe.

2. Kuwasha mkutano kuwe kwa kitufe kimoja, na maneno yawe ya Kiswahili chepesi.

3. Mkutano ukianza, walio mbali waulizwe kwanza kama wanasikia na kusikika. Sauti ikikatika, shauri lisikatwe.

4. Kamera iwe na kifuniko, na kipaza sauti kiwe na taa ya kuonyesha kwamba kinasikiliza.

5. Mafunzo ya kukitumia yatolewe ndani ya saa za kazi zenye mshahara.

Mlango wa kupitishia hasa yale ya usalama upo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka pawe na kamati ya usalama na afya mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, na wajumbe wetu wamo. Wasikae kimya.

Sisi nasi tuna wajibu. Tusikiogope chombo, tusikivunje kwa hasira, na tusione haya kusema, "Hatusikii." Anayenyamaza mkutanoni kisha akanung'unika njiani hatusaidii. Wazee walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye kununua skrini hailalii, sisi ndio twailalia. Basi kabla hajanunua kitanda kingine, na aje atuulize habari za kunguni.

Umoja ni nguvu.