Kufunga Kula Hakutoshi

(Hotuba kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kuwalaza wagonjwa usingizi kwa ajili ya upasuaji. Nitasema jambo moja.

Mtu aliye macho, maji yakimpalia, hukohoa. Nusukaputi huilaza kinga hiyo pamoja na mwenyewe. Kilichomo tumboni kikipanda kooni, huweza kuingia mapafuni, na asidi yake huyaunguza. Mwaka 1946 Dakta Curtis Mendelson wa New York alieleza habari za akina mama 66 waliopatwa na balaa hilo walipolazwa usingizi wakati wa kujifungua. Ndiyo sababu mgonjwa mzima huambiwa asile kwa muda wa saa sita kabla ya upasuaji, na asinywe hata maji kwa saa mbili za mwisho. Chai ya maziwa tunaihesabu kuwa chakula.

Lakini masharti hayo ni ya tumbo lisilo na ugonjwa. Utumbo ukiziba, au njia ya kutokea chakula tumboni ikibanwa na kovu la vidonda, mtu aweza kufunga siku mbili na tumbo likabaki limejaa. Kisukari cha miaka mingi nacho huweza kulegeza tumbo.

Nilipokuwa ningali najifunza, aliletwa mzee mmoja ambaye utumbo wake ulikuwa umejipinda. Nikasema, "Hajala tangu juzi, yuko tayari." Mkubwa wangu hakunijibu. Alipitisha mpira puani mpaka tumboni, na bakuli likajaa maji ya kijani. Kama angenisikiliza, mzee yule angezama akiwa juu ya kitanda.

Mgonjwa wa namna hiyo kwanza tunamvuta maji hayo, tunamvutisha oksijeni, kisha tunamlaza kwa haraka na kumtia mpira wa kupumulia papo hapo.

Vijana, siku mtakapompeleka mzazi hospitali, msifiche neno. Kama alipewa uji alfajiri kwa kuonewa huruma, semeni. Kama anatapika, tumbo limevimba, au chakula humrudi kooni usiku, semeni. Kama anachoma sindano hizi mpya za kupunguza uzito, semeni pia, maana huchelewesha chakula tumboni. Upasuaji usio wa dharura waweza kungoja kesho. Na ule wa dharura, tutajua namna ya kujihadhari.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.